Kipima Hewa Juu ya Meza ya Shangazi

Nyumba ikiwa na dereva wa teksi na mtafiti wa usafiri, chai ya asubuhi hainywewi kwa amani. Inanywewa kwa hoja. Baba mtu alikuwa dereva tangu enzi ambazo, kwa maneno yake mwenyewe, barabara zilikuwa na heshima. Binti yake aliajiriwa na halmashauri ya mji, kitengo cha utafiti wa usafiri, kazi yake kutafuta namna watu watakavyokwenda na kurudi bila kugeuza mapafu yao masizi. Siku ile ile alipopata kazi, baba alimpachika jina la Bibi Hewa, kwa kejeli, na jina likamganda kama gundi ya fundi viatu. Hata ofisini wakawa wanamwita hivyo, tena kwenye vikao.

"Bibi Hewa," baba alisema Jumatatu hiyo, akipuliza chai, "Ijumaa ndiyo hukumu yako."

"Si yangu, baba. Ya mtaa."

"Mtaa hauna kosa. Mtaa uliumbwa upitwe. Wewe ndiye uliyeufungia kama mtu anayefungia kuku."

Mtaa wenyewe ulikuwa ule wa mafundi, mwembamba, unaotoka sokoni mpaka hospitali. Miaka na miaka magari yaliufanya njia ya mkato, yakipita pua kwa mkia, na mafundi wakishona, wakichomelea na kukohoa. Bibi Hewa ndiye aliyeandika pendekezo: ufungwe kwa majaribio, zipite baiskeli, mikokoteni, viti vya magurudumu na wenye miguu yao, hewa ipimwe kabla na baada. Hewa ikisafika, mtaa ubaki hivyo moja kwa moja. Isiposafika, vizuizi viondolewe na kila mtu arudi kukohoa pale alipoachia. Madiwani walikubali shingo upande. Ijumaa hiyo kamati ya barabara ingekaa kuamua, na madereva wa teksi, ambao vizuizi viliwazungusha mji mzima kama waliopotea, walikuwa wamechagua msemaji wa kwenda kuwaambia waheshimiwa kwamba mchezo uishe.

Msemaji huyo ndiye aliyekuwa akipuliza chai.

"Yaani utasimama unipinge mbele za watu? Mtoto wako wa kumzaa?"

"Nitakupinga kwa upendo," baba akasema. "Hebu nisogezee sukari."

Bibi Hewa aliondoka akicheka, maana alikuwa na uhakika wa kushinda. Uhakika huo ulidumu mpaka alipofika ofisini.

Kipima hewa chao kilikuwa kijisanduku cheupe, ukubwa wa mkate, kilichofungwa kwenye nguzo ya taa pale mtaani. Kilikaa usawa wa pua ya mtu, kwa sababu, kama Bibi Hewa alivyowaeleza wakubwa, watu hawapumulii juu ya paa. Kilivuta hewa, kikaipima uchafu, kikatuma namba moja kwa moja kwenye kompyuta ya ofisi. Uzuri wa chombo kile ni kwamba mtafiti hahitaji kunyanyuka kitini. Ubaya wake ndio huo huo.

Mkuu wa kitengo, bwana ambaye tai yake haikuwahi kulegea hata kwenye joto la kukaangia mayai, alikuwa amesimama mbele ya kompyuta kama mtu aliyeonyeshwa picha ya jeneza lake.

"Njoo uone."

Bibi Hewa akaona. Mstari wa uchafu ulishuka vizuri wiki mbili za mwanzo baada ya mtaa kufungwa, ukashuka kwa raha, kama mtoto kwenye mtelezo. Kisha ukasita. Kisha ukaanza kupanda, ukapanda, na sasa ulikuwa juu kuliko pale ulipokuwa magari yakiwepo.

"Hakuna gari," Mkuu akasema taratibu. "Hakuna pikipiki. Moshi unatoka wapi? Baiskeli zimefungwa injini?"

"Labda wapanda baiskeli wanavuta sigara."

"Wote?"

Mkuu akavuta kiti, akakaa, akashusha sauti ingawa chumbani walikuwa wawili tu na feni mbovu.

"Sikiliza. Tunazo wiki mbili nzuri. Tupeleke hizo. Zilizobaki tuseme kipima hewa kilishikwa na mafua."

"Mkuu, njia ya mwongo ni fupi."

"Sisi si kitengo cha usafiri? Njia fupi ndiyo kazi yetu!"

Bibi Hewa alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeona nyumba yake inaungua lakini paka katoka salama. Akachukua mkoba.

"Unakwenda wapi?"

"Mtaani."

"Kufanya nini?"

"Kuangalia."

Mkuu alimtazama kwa mshangao, kana kwamba ndiyo kwanza anasikia kuwa kuna namna ya kuangalia bila kubonyeza kitu.

Njiani moyo wa Bibi Hewa ulikuwa na madoa mawili. La kwanza ni ule mstari. La pili ni kwamba mtaa ule alikuwa hajaukanyaga tangu wiki ya kufungwa, na katikati yake, mlango kwa mlango na nguzo ya kipima hewa, ndipo alipokuwa na kibanda shangazi yake, fundi cherehani, dada mkubwa wa baba. Nguzo ile haikuchaguliwa kwa bahati. Siku ya kufunga chombo, Bibi Hewa alimshika shangazi mkono akamwambia, "Shangazi, hiki kijisanduku ndicho roho yangu. Usikiondolee macho, wasije wakakiiba." Mlinzi mwaminifu, wa ukoo, na hadai mshahara. Baada ya hapo akarudi kitini kwake kungoja namba.

Alipovuka vizuizi alisahau kwanza kilichomleta. Mtaa ulikuwa umevua koti. Fundi saa alikuwa ametoa meza nje, anatengeneza saa huku anabishana na fundi redio wa ng'ambo ya pili, bila hata mmoja kupaza sauti. Zamani walikuwa wakipungiana mikono tu kama watu walio kwenye boti mbili. Wasichana waliruka kamba palepale ambapo malori yalikuwa yakigeuzia. Mzee mmoja kwenye kiti cha magurudumu alikuwa akishuka katikati kabisa ya barabara, kwa maringo ya msafara wa harusi, na baiskeli zikimpisha.

"Pita mjukuu," alimwambia Bibi Hewa, "lakini ukipita kwangu, washa taa."

Naye akamwashia, kwa kufumba na kufumbua jicho moja. Mzee akacheka mpaka kiti kikayumba.

Ndipo akaiona nguzo. Chini yake palikuwa na meza kubwa ya kukatia nguo. Nyuma ya meza, shangazi, tepu shingoni, pini mdomoni. Na juu ya meza, kando kabisa, mahali pa kupumzikia, ilikaa pasi ya mkaa, nzito, nyeusi, mdomo wazi, inafuka. Moshi wake ulipanda kwa utulivu, bila haraka, kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake, mpaka kwenye kile kijisanduku cheupe, ukaingia ndani.

"Shangazi!"

"Salamu zimekatazwa ofisini kwenu?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umepotea mpaka kisanduku chako nimekizoea kuliko wewe. Chenyewe angalau kinakaa."

"Shangazi, unafanya nini hapa nje?"

"Si ulisema nisikiondolee macho? Nikiwa ndani sikioni. Wiki za kwanza nilikuwa natoa kichwa dirishani kama kobe, shingo ikaniuma. Nilipoona magari kweli hayarudi, nikasema, wewe mwanamke, hamisha meza. Sasa hakuna mwizi atakayekifikia bila kupita juu ya maiti yangu."

"Na pasi?"

"Na pasi imefanya nini? Nguo zinyooshwe kwa maneno?"

"Shangazi, hicho kinapima moshi!"

"Nimekisoma. Mmeandika USIGUSE. Sijakigusa hata kwa kucha. Usinyooshe nguo, hiyo hamkuandika."

Bibi Hewa akakaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa barabarani, kwenye lami, jambo ambalo miezi michache nyuma lingekuwa kujiua. Alicheka mpaka machozi, fundi saa naye akacheka bila kujua anacheka nini. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Yeye chake kilikuwa na cherehani kabisa. Utafiti wa halmashauri nzima, wenye muhuri na sahihi, ulikuwa umekaa wiki kadhaa ukipima pasi ya shangazi.

"Lakini kwa nini zamani hukutoka nje?" akauliza alipopata pumzi.

"Nitoke nipelekwe wapi? Gauni jeupe la bibi harusi ukilitundika hapa asubuhi, jioni lilikuwa linafaa kwenda mazikoni. Nilifunga mlango, nikafunga dirisha, nikashonea kwenye taa. Wewe ulikuwa hujui?"

Hakujua. Aliandika kurasa na kurasa juu ya mtaa ule, na hilo hakulijua. Kicheko kikampungua, akaanza kuiona Ijumaa. Walisogeza meza mbali, wakaihamishia pasi upande wa pili wa kibanda, na mpaka Alhamisi jioni mstari pale ofisini ulikuwa umeporomoka kama jiwe kisimani. Lakini siku tatu si utafiti. Siku tatu ni uvumi.

"Tufute zile mbaya," Mkuu akashauri tena, safari hii kwa furaha. "Sasa tunajua si zetu, ni za shangazi."

"Tukifuta kimya kimya, tumedanganya. Tukisema, tutachekwa."

"Sasa?"

"Bora tuchekwe."

Mkuu akaishika tai yake. "Utasema wewe. Mimi nitakuwa nakohoa."

Nyumbani Bibi Hewa hakumwambia baba neno. Adui hapewi ramani, hata kama ndiye aliyekufundisha kutembea.

Ijumaa, chumba cha mikutano kilijaa. Upande mmoja madereva, funguo zikining'inia vidoleni kama tasbihi. Upande mwingine mafundi wachache na waendesha baiskeli. Mbele, madiwani wa kamati, na katikati yao mwenyekiti, mtu wa mwili na sauti, aliyekuwa amekwisha kuisoma ripoti na kuiwekea alama nyekundu pale mstari ulipopanda.

Baba alisimama wa kwanza, ndani ya koti lake la harusi na misiba.

"Waheshimiwa, mimi ni mtu wa usukani, si mtu wa maneno," akaanza, kisha akasema maneno ya kujaza lori. Akaeleza mafuta yanavyoteketea kwa kuzunguka, abiria wanavyonuna, wagonjwa wanavyoshushwa mbali na lango la hospitali. Hilo la wagonjwa lilimchoma Bibi Hewa, kwa kuwa lilikuwa kweli. Halafu baba akainua juu nakala ya ripoti ya kitengo. "Na mwisho, waheshimiwa, walisema moshi ni sisi. Wametuondoa, moshi umezidi! Nauliza kwa heshima: moshi ni nani?"

Madereva wakalipuka kwa makofi. Baba akakaa, akamkonyeza binti yake. Kwa upendo, kama alivyoahidi.

Bibi Hewa akasimama. Mkuu akaanza kukohoa.

"Mheshimiwa mwenyekiti, namba hizo ni za kweli na ni mbovu. Kosa ni langu. Wiki mbili za mwanzo tulipima mtaa. Baada ya hapo, bila kujua, tulikuwa tunampima shangazi yangu."

Mwenyekiti akaiweka kalamu chini. "Rudia."

Akarudia, akaeleza yote: nguzo, ulinzi, meza, pasi. Kicheko kilianzia kwa karani, kikavuka kwa madiwani, kikatua kwa madereva wakapigana mabega. Alikuwa bado anasubiri kipungue, mlango ukafunguka. Askari wa mlangoni alikuwa anarudi kinyumenyume, na mbele yake, akiishika pasi ya mkaa kwa mkono ulionyooka, inafuka, aliingia shangazi. Alikuwa ameombwa aje kutoa ushahidi. Pasi hakuombwa, ila, kama alivyomweleza askari, shahidi haji mikono mitupu.

"Nani huyu?" mwenyekiti akauliza.

"Ndiye kosa lenyewe, mheshimiwa," Bibi Hewa akajibu.

Mezani alikuwa ameweka kipima hewa cha akiba, chenye kioo kidogo cha namba, awaonyeshe tu umbo lake. Shangazi hakungoja. Aliiweka pasi karibu nacho, akaipuliza mdomoni mara moja, kwa ufundi. Namba zikaruka, taa nyekundu ikawaka, na mwenyekiti, aliyekuwa karibu, akakohoa kikohozi kilichomfunika hata Mkuu.

"Toa! Toa nje! Tumeamini!"

Pasi ikatolewa, madirisha yakafunguliwa, namba zikashuka mbele ya macho ya wote. Mwenyekiti alifuta machozi, akamgeukia Bibi Hewa.

"Kwa hiyo hamjui kama hewa ya mtaa imesafika."

"Hatujui vya kutosha, mheshimiwa. Mwanzo ilisafika. Siku hizi tatu imesafika. Katikati hatujui."

"Mngeweza kuficha. Nani angejua?"

"Shangazi angejua. Na shangazi akijua, mji mzima unajua."

"Kweli kabisa," shangazi akaitikia kutoka mlangoni, bila kuona aibu. Kisha macho yake yakamwangukia mdogo wake, pale mstari wa mbele, ndani ya koti. "Ala! Na wewe upo? Na wewe umekuja kusema mtaa ufunguliwe?"

"Dada, hapa ni kikaoni..."

"Kikao kitulie. Waheshimiwa, huyu ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni. Miaka yote hiyo akipita mlangoni kwangu ananisalimia kwa honi. Pii! Na kila pii inakuja na wingu lake. Nikafunga mlango. Yeye akawa anawaambia watu eti nina maringo, sifungulii ndugu."

Chumba kikageukia kwa baba. Baba alikuwa anaangalia funguo zake.

"Si ungeniambia, dada?"

"Ningekuambia saa ngapi? Nikifungua mdomo, moshi unaingia!"

Hata madereva walicheka, na mmoja akampiga baba begani kumpa pole. Baba hakucheka. Alisimama polepole, na Bibi Hewa, anayemjua, aliona kwamba amesimama bila hotuba.

"Mheshimiwa, walionituma walinituma niseme mtaa ufunguliwe. Nimesema, ujumbe umefika, sidaiwi. Hili sasa ni langu mwenyewe. Nilidhani dada yangu amenikasirikia. Kumbe nilikuwa namvukiza kama mbu. Basi..." Akawageukia wenzake, akaona nyuso zao, akarudi kwa kamati. "Tupeni kituo cha teksi huku sokoni na kingine kule hospitalini, langoni kabisa, chenye kivuli, ili mgonjwa asitembezwe. Mkitupa hivyo, mimi nyumbani kwangu sitakuwa na la kubishana."

"Mwongo," Bibi Hewa akanong'ona, na kwa kuwa chumba kilikuwa kimya, wote wakasikia.

Madereva walinong'onezana, vichwa vikainama, vikainuka. Yule aliyempiga baba begani akanyanyua mkono: vituo vikiwepo, na wao hawana neno. Kamati nayo ikasemezana kwa muda ambao Bibi Hewa aliona ni mrefu kuliko masomo yake yote. Mwishowe mwenyekiti akasoma: majaribio yaongezwe nusu mwaka, vipima hewa viwe vitatu, vituo viwili vya teksi vijengwe, kimoja kila upande, na mtafiti awe anafika mtaani kwa miguu yake mwenyewe kila wiki, liandikwe hivyo hivyo kwenye kumbukumbu za kikao.

Huo haukuwa ushindi kamili. Ulikuwa nusu mwaka, na kazi maradufu. Lakini shangazi hakuwa mtu wa kupiga vigelegele nusu. Alipiga kimoja kilichowaamsha njiwa kwenye paa la halmashauri, mafundi wakakidaka, na Mkuu wa kitengo, mbele ya mashahidi, akalegeza tai.

Nje, baba alifungua mlango wa teksi, akaufunga tena.

"Shangazi yako anataka nimsindikize mpaka kibandani."

"Gari haliingii, baba."

"Najua gari haliingii! Nani aliyelifungia?" Akaacha teksi kwenye vizuizi, akaingia mtaani kwa miguu, koti begani, dada yake upande mmoja na binti yake upande wa pili.

Hawakufika mapema. Dereva yule aliyejua kila shimo la mtaa ule alikuwa hajui uso hata mmoja, na kila uso ulikuwa na jambo naye. Fundi redio alitaka kujua kama ndiye yule wa honi. Fundi viatu alimwangalia miguu, akamwambia soli hizo ni za mtu asiyetembea. Mzee wa kiti cha magurudumu alimsimamisha katikati ya barabara akamuuliza anakwenda wapi kwa mwendo wa konokono namna hiyo.

"Nakwenda pale tu," baba akasema. "Kwa gari ningekuwa nimeshafika zamani."

"Basi ungekuwa umeshanipita," mzee akasema. "Nani mwenzangu, mwenyeji wa wapi?"

Baba akatazama mbele, dada yake alikuwa ameshafika na anafungua kibanda. Akamtazama binti yake, aliyekuwa amekunja mikono, anangoja, mdomo umejaa maneno.

"Usiseme kitu, Bibi Hewa," akamwonya, akakaa kwenye ukingo wa barabara kando ya yule mzee, akaanza kujieleza kuanzia kwa babu yake.